Kuvua Trauti Katika Mto Gura

Msafiri atokaye Nyeri kwenda Othaya huvuka daraja la mto Gura, na mara nyingi hupita bila kuutazama. Lakini mto huu una habari yake. Huanza juu katika milima ya Nyandarua, ukaanguka majabalini kwa kishindo, ukapita msituni penye mianzi, kisha ukashuka kati ya mashamba mpaka ukutane na mto Sagana, ambao mbele huitwa Tana. Maji yake ni baridi sana. Kwa ajili ya baridi hiyo, mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wachanga waliototolewa wakatiwa katika mto huu.

Trauti havuliwi kama kambare. Mvuvi wake hatii mnyoo katika ndoana, bali hutumia nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Nami nilidhani kwamba kazi yote ni kununua nzi wazuri.

Basi asubuhi moja nilishuka mtoni pamoja na mzee mmoja wa huko, ambaye alijifunza uvuvi huu kwa baba yake, aliyekuwa akiwachukulia wavuvi wa Kizungu mizigo yao. Mimi nilikuwa na kisanduku chenye nzi arobaini. Nikamchagua aliyependeza kuliko wote, mwekundu mwenye uzi wa dhahabu, nikamtupa majini. Saa mbili zikapita, nisipate hata mmoja. Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, akinitazama bila neno. Mwisho akaniuliza, “Mwanangu, je, umemwuliza samaki anakula nini?”

Akakunja suruali, akaingia majini, akainama, akageuza jiwe moja. Chini yake palikuwa na wadudu wengi. Wengine walikuwa wembamba, wenye mikia mitatu kama nyuzi. Wengine walikuwa wamejijengea vijumba vya chembe za mchanga. Wote walikuwa wadogo, na rangi yao ilikuwa ya udongo mweusi. Hapakuwa na hata mmoja mwekundu. Nikaona haya.

Kisha akanifundisha. Wadudu hao huishi chini ya mawe muda mrefu, na siku yao ikifika hupanda juu ya maji, wakaota mabawa na kuruka. Kwa hiyo mvuvi hana budi kutazama kwanza. Akiona samaki wanapasua uso wa maji, atumie nzi wa kuelea, aliyefungwa manyoya magumu ya shingo ya jogoo, yasiyolowa upesi. Akiona maji yametulia wala hakuna arukaye, atumie nzi wa kuzama, mwenye manyoya laini ya kuku jike. Maji yakiwa na tope kidogo baada ya mvua, nzi mkubwa mweusi huonekana vizuri zaidi. Yakiwa maangavu, yafaa mdogo. Nambari za ndoana nazo humdanganya mgeni, kwa maana nambari 14 ni ndogo kuliko nambari 10. Kuna nzi mashuhuri, kama Coachman, mwenye kiwiliwili cha manyoya ya tausi na mabawa meupe, na hata mmoja aitwaye Kenya Bug; lakini jina halimshibishi samaki.

Namna ya kumtupa nayo ina adabu yake. Trauti huelekeza kichwa kule maji yatokako, akingoja chakula kiletwe. Basi mvuvi husimama nyuma yake, kivuli kisiangukie maji, akamtupa nzi mbele ya samaki, akamwacha aje na mkondo. Mshipi ukimvuta nzi, samaki hutambua hila mara moja.

Nikafunga nzi mdogo mweusi, nambari 14. Mara ya tatu mshipi ukakazika, na ufito ukapinda. Alikuwa trauti wa kadiri tu, mwenye madoa mekundu ubavuni, lakini furaha yangu haikuwa ya kadiri.

Wakati wa kurudi, mzee alinipitisha penye kijito kiingiacho mtoni. Shamba lilikuwa limelimwa mpaka ukingoni, pasiachwe hata majani. Akageuza jiwe. Chini yake palikuwa na tope tupu. Akageuza la pili, na la tatu. “Hapa ndipo nilipomvua trauti wangu wa kwanza,” akasema. “Leo hata ukija na kisanduku chako kizima, hutapata kitu. Udongo umewafukia wadudu, na samaki amehama.”

Neno hilo nimelichukua mpaka nyumbani. Nzi wa bandia ni mfano tu wa mdudu wa kweli. Mdudu wa kweli akifa, mfano hauna kazi. Tena maji hayo hayo ndiyo tunayokunywa, na udongo huo uliomo mtoni ndio uliokuwa ukitulisha shambani. Atakaye kuvua Gura na apate leseni kwanza, kisha kabla ya kufungua kisanduku chake ageuze jiwe. Na mwenye shamba mtoni aache ukanda wa majani na miti ukingoni. Wazee walisema kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.