Bakuli la Kigeni, Ukuta wa Nyumbani: Fikra Katika Magofu ya Tongoni

Ukishika barabara ya Pangani kutoka mjini Tanga, baada ya mwendo wa kilometa kama 17 utafika Tongoni, kijiji kilichokaa ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Hapo yamesimama magofu ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengi yalikuwa na nguzo ndefu, na wataalamu husema hakuna penginepo katika pwani yetu palipo na makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka.

Mgeni akitazama kwa makini ataona vishimo vya mviringo. Humo zamani zilipachikwa bakuli za kauri kutoka nchi za mbali, China ikiwamo. Wazee wa mji huo, uliojulikana kwa jina la Mtangata, hawakuona haya kupokea kitu kizuri cha kigeni. Lakini walikipachika katika ukuta wao, wa mawe ya bahari yao wenyewe.

Bahari hiyo hiyo ilileta pia wageni wa namna nyingine. Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama katika miamba ya hapa. Mwaka uliofuata, walipokuwa wakirejea kutoka Bara Hindi, mabaharia wake walikuwa wamepungua mno kwa maradhi, hata ikabidi waichome moto meli hiyo. Basi kila msafiri hana budi kuulizwa: umerudi na nini?

Swali hilo linawahusu hasa vijana wetu waendao ng'ambo kusoma. Mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya wa Kenya, wanafunzi 81 walipanda ndege kutoka Nairobi kwenda Marekani. Mwaka 1960 wakafuata wengi zaidi, baadhi yao wakitoka Tanganyika. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari Muta, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Wangari Maathai.

Alipokewa katika Chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas, chuo kidogo cha wasichana kilichoendeshwa na masista wa Kibenedikto. Vyuo vya aina hiyo havimfungi mwanafunzi katika somo moja. Wangari alishika elimu ya viumbe, akaongeza kemia na Kijerumani. Alistaajabia majani ya miti yaliyogeuka rangi na kupukutika kabla ya baridi. Aliuonja pia ubaguzi: akiwa njiani kwenda chuoni, yeye na wenzake walizuiwa kukaa ndani ya mkahawa mmoja kwa sababu ya weusi wao. Ukarimu wa masista na uchungu wa mkahawa, vyote vilikuwa sehemu ya masomo yake.

Alihitimu mwaka 1964, akaendelea na masomo Pittsburgh, kisha mwaka 1966 akarudi Kenya. Katika ujana wake aliitwa kwa majina ya Kizungu. Sasa alirejea katika jina lake la Wangari. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kina mama ya kupanda miti, iliyopanda zaidi ya milioni 30, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011. Elimu ya Kansas aliipachika katika udongo wa Nyeri, kama bakuli katika nguzo.

Ndugu msomaji, hapa Tongoni elimu ya namna hiyo ina kazi. Bahari inaimega pwani na kuyakaribia makaburi. Mikoko, ambayo mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na kushika tope, ndiyo ngome ya asili ya ufuko huu. Aijuaye mikoko kwa vitabu, na aijuaye kwa kuvua kaa chini yake tangu utotoni, wanahitajiana.

Kwa hiyo mzazi amwagapo mwanawe uwanja wa ndege, pamoja na nguo za baridi ampe wasia huu: jifunze yote uwezayo, usiwaonee haya wageni, wala usiuonee haya ukuta wa kwenu. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Bakuli lisilo na ukuta huvunjika mkononi.