Hesabu ya Sadaka

Pesa zenyewe zilikuwa shilingi 38,400. Vijana 24, kila mmoja 1,600, za kambi ya Agosti. Zilikaa kwa simu yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na nilichaguliwa mweka hazina kwa sababu niliomba kwa sauti kubwa kuliko wenzangu wote.

Nilianza na mia tano. Mechi sita, tano zikaingia, moja ikanichoma dakika ya mwisho. Wewe unayebeti unaijua hiyo ya kukosa kwa timu moja. Haikwambii umeshindwa, inakwambia umekaribia. Kufikia Jumatano ya pili zilikuwa zimebaki shilingi 12. Jumapili nikaongoza sifa, mikono juu kabisa.

Sitasema nilitubu mwenyewe. Nilishikwa. Mwenye basi alitaka malipo ya kwanza. Nikadanganya ati mtandao una shida, kisha ati namba ya siri imekataa, kisha nikaishiwa na uongo. Kambi ikafa. Msichana mmoja aliyekuwa ametoa pesa za vibarua vya kufua nguo alinitazama tu, akatoka. Nikaacha kanisa.

Deni nililimaliza kwa miezi 14 ya mjengo. Hata hivyo, nikiona mtu wa kanisa nilikuwa bado navuka barabara.

Kuna mama wa kanisani anayechoma mahindi karibu na stage yetu, Kayole. Jioni moja aliniona nikivuka.

"Kuja hapa, mwanangu. Mahindi hayajakukosea."

Akanikatia nusu, tukaongea mambo ya mvua. Halafu, akipepea jiko, akaniuliza kama najua Petro alimkana Yesu akiota moto gani.

"Wa makaa," nikabahatisha.

"Na Yesu alipofufuka, samaki wao aliwachoma na nini?"

Usiku nikafungua Yohana, sura ya 18, kisha ya 21. Kweli, makaa kwote kuwili. Miaka yote nimesikia mahubiri ya yale maswali matatu na sikuwahi kuliona jiko. Hiyo harufu pekee lazima ilimrudisha Petro kwenye ule ua wa kuhani mkuu. Yesu hakumsomea mashtaka, lakini pia hakujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Alimpa kiamsha kinywa hapo hapo kwenye moshi, kisha akampa kondoo awachunge. Mimi nilidhani neema ni watu kusahau, na nilikuwa nangoja wasahau ndiyo nirudi.

Nilirudi Jumapili, nikakaa nyuma karibu na spika. Yule msichana aliniona. Hakunisalimia, hadi leo hajanisalimia, na sidhani ana deni hilo kwangu.

Baada ya ibada, yule mama alinivuta mkono hadi kile chumba kidogo cha nyuma, akamwaga kapu la sadaka mezani. Akasema siku hizi macho yake hayaoni sarafu vizuri, nimsaidie kuhesabu. Uongo mtupu! Huyu mama huwaona kanjo kabla hawajakata kona.

Nikakaa. Noti za hamsini zilikuwa zinanitetemekea mkononi. Nikapata 6,735. Nikarudia, 6,735. Nikamsukumia ahakikishe, lakini alikuwa amenipa mgongo, anatafuta kalamu kwenye droo.

"Niandike ngapi?" akauliza.