Taka Zetu na Jaa la Kiteezi

Hapa Kampala, lori la taka lilikuwa likifika mtaani kwetu kila juma. Baada ya jaa la Kiteezi kuporomoka tarehe 10 Agosti 2024, likawa halionekani hata kwa majuma matatu. Mapipa yakafurika, maganda ya matoke yakaoza, nzi wakatuingilia jikoni. Nasi tukanung'unika kwamba ada tumelipa bure.

Lakini manung'uniko hayo yalitutia haya. Kule Kiteezi, ambako taka za jiji zilirundikwa tangu 1996, mlima wa taka uliwafukia watu zaidi ya 30 na nyumba zao. Ndani yake yalikuwamo maganda yetu pia. Tufundishapo kitenzi "kutupa", twawaeleza wanafunzi kuwa ni kuondoa kitu kisichofaa. Kumbe tulichokiondoa mlangoni petu tulikipeleka mlangoni pa wenzetu.

Sasa maganda twayatenga, na jirani mfugaji huyachukua kila asubuhi kwa ajili ya mbuzi wake. Lori bado twalidai, maana ni haki yetu. Ila lijapo, hukuta pipa limejaa nusu tu.