Niliacha Chuo, Lakini Pepa ya Kalkulasi Sikuikimbia

Wasee, tuelewane kitu kimoja mapema. Mimi niliacha chuo, na wengi wenu mnajua. Karo ilikatika nikiwa mwaka wa pili, nikabeba begi na simu, nikaingia kwa hii kazi ya kutengeneza video. Sina shida na hiyo stori. Shida yangu ni kwamba kila msimu wa mitihani ukifika, kuna mtu lazima aniambie: "Buda, wewe umetoboa bila digrii. Hii hesabu ya nini? Mimi naacha kabla ya pepa."

Hapo mnanifanya shahidi wa kesi ambayo sikuitwa. Sikuacha kwa sababu ya hesabu. Hesabu nilifanya na nikapita. Kwa hivyo leo wacha niongee na wewe ambaye uko na pepa ya kalkulasi wiki ijayo na tumbo linakuunguruma.

Kwanza, ijue pepa yenyewe. Kwa vyuo vingi huku Kenya mpangilio ni ule ule: masaa mawili, swali la kwanza ni lazima, alama 30, halafu unachagua mengine mawili ya alama 20 kila moja. Hiyo ni 70. Zile 30 zingine zinatoka kwa kati na kazi za darasani. Ukifika 40 umepita. Sasa piga hesabu kabla ya kuogopa hesabu. Mimi niliingia na 17 kutoka kwa kati. Nilikuwa nahitaji 23 kati ya 70 ili nisirudi sapu, yaani kama thuluthi hivi. Sisemi ulenge thuluthi. Nasema ile kitu inakunyima usingizi ina nambari, na nambari ukiiandika kwa karatasi inakuwa ndogo kuliko vile ilikuwa kichwani.

Pili, wacha kubeti. Najua tunapenda kubeti, lakini hii si mechi. Lile swali la kwanza huwa limekatwakatwa, (a) mpaka (e) ama (f), na kila kipande kinatoka mada tofauti. Mtu anayesoma mada mbili na kuomba Mungu anaanza akiwa amepoteza alama nyingi za lile swali la lazima.

Sisi kwa hosteli tulikuwa mbogi ya watu wanne. Hatukuwa na ubao, tukanunua chaki, tukaandika nyuma ya mlango. Sheria ilikuwa moja: daftari limefungwa, unasimama, unatatua swali la pepa ya zamani ukieleza kila hatua kwa sauti. Ukikwama unakaa, mwingine anasimama. Kulikuwa na jamaa mmoja ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko Biblia ya pasta, rangi tatu, mistari imenyooka. Siku ya kwanza mbele ya mlango alikwama hatua ya pili. Kusoma alikuwa amesoma, lakini kuona jibu kwa daftari na kulitoa kichwani ni vitu viwili tofauti.

Hii si maoni yangu pekee. Mwaka wa 2006, watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha utafiti wao. Wanafunzi walisoma maandishi mafupi. Wengine wakarudia kuyasoma, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka zaidi. Ndio maana ukikesha na daftari unaamka ukijiona profesa, halafu kwa chumba cha mtihani kichwa kinabaki kama simu imeisha chaji.

Na usikariri fomula bila kuiuliza swali. Chukua ile ya kuintegreti x mara e kwa kipeo cha x. Kila mtu anajua unaigawanya mara mbili. Lakini kwa nini x ndiyo unadiferenshieti? Kwa sababu ukiidiferenshieti inabaki 1, na kazi inapungua. Ukigeuza, ile x inakuwa x mraba gawa mbili, na unajikuta na swali kubwa kuliko ulilopewa. Ukielewa hilo, hata wakileta swali hujawahi kuona, unajiuliza tu: ni sehemu gani hapa nikiigusa inapungua?

Ndio maana pia mwakenya haisaidii sana kwa hesabu. Kale ka-karatasi kalipata jina kutoka kwa kundi la siri la miaka ya 1980 lililopinga serikali ya Moi, na vijikaratasi vyao vilipitishwa kwa kujificha vivyo hivyo. Lakini mwakenya hubeba fomula tu. Haikuambii ni lini uitumie. Unahatarisha kufukuzwa kwa sababu ya kitu ambacho hakiwezi kukutatulia swali.

Sasa niwaambie kilichonifanya niiheshimu ile pepa. Kadi ya mtihani ilikuwa haitoki kama una deni, na mimi nilikuwa na deni la 12,000. Mathe anauza mboga. Alienda kwa chama chake, akachukua mkopo, akanitumia pesa bila kuongea mengi. Akasema tu, "Nenda ufanye, ya hapa niachie." Nilipanga foleni tangu asubuhi, kadi nikaipata saa kumi jioni, pepa ni kesho yake saa tatu. Mbogi walitaka tukeshe. Mimi nikalala saa nne. Usingizi ndio hupanga vile vitu umesoma, na mimi sikuwa naenda kusinzia juu ya pesa ya sukuma wiki.

Ndani ya chumba, kitu cha kwanza niliandika ni saa. Dakika 120 kwa alama 70 ni kama dakika moja na nusu na kidogo kwa kila alama. Swali la 20 ni dakika 34. Lile la 30 ni dakika 51. Ukijumlisha unapata 119. Niliandika hizo nambari juu ya karatasi ya mahesabu, na dakika zikiisha, nahama, hata kama niko katikati ya sentensi. Nilianza na swali nililolijua zaidi ili mkono uache kutetemeka. Nilipofika lile la kwanza, kipande kimoja kilikuwa cha sine mraba, na kichwa kikagoma kabisa. Nikaacha nafasi, nikasonga mbele. Dakika za mwisho nikarudi, nikakumbuka inabadilishwa kwa kosine ya 2x. Sikumaliza, lakini niliandika hatua zangu zote. Anayesahihisha hesabu hupeana alama za njia, hata jibu likikosekana. Karatasi tupu ndiyo haina cha kupewa.

Nilipata 58. C safi. Hakuna aliyenibeba juu juu, lakini mathe aliambia chama chote.

Mwaka uliofuata karo haikupatikana, na mathe alikuwa bado analipa ule mkopo. Nikatoka. Iliniuma, na bado huniuma nikiona watu wa darasa langu na zile gauni. Lakini nilitoka nikijua ni pesa ilinitoa. Sijawahi kulala nikijiuliza kama ningeweza ile pepa, kwa sababu niliikalia na najua jibu.

Hicho ndicho nataka uwe nacho. Kama chuo kimekushinda kwa pesa, hiyo ni vita ya kweli na sitakuhukumu. Lakini kabla hujapotea, nenda ofisi ya kitivo uulize kuhusu kuahirisha masomo, uandike barua, ili alama zako zisibaki bila mwenyewe. Kama ni uoga wa kalkulasi ndio unakuambia "shule ni ujinga, angalia fulani alitoboa", usinitumie mimi. Hizi video zina siku zinalipa na siku hazilipi hata bando.

Uko na wiki moja. Tafuta watu watatu, chaki ya shilingi kidogo na mlango. Funga daftari. Jana yake lala. Na kama kuna mtu nyumbani amekopa ili upate ile kadi, mpigie simu leo, umwambie pepa ni saa ngapi.