Ndege wa Uani Kwetu

Huku kwetu Tenke watu wengi hutembea wakitazama chini. Si kwa huzuni, bali kwa ajili ya mali. Udongo wetu una shaba na kobalti, na tangu zamani za mababu mtu aliyetaka kupata kitu katika nchi hii alitazama chini, kisha akachimba. Hata watoto wamekwisha kujifunza. Mwonyeshe mtoto wa hapa jiwe lenye rangi ya kijani, naye atakuambia mara moja kama lafaa kuuzwa au halifai. Lakini mwulize ni ndege gani aimbaye juu ya paa la nyumba yao kila asubuhi, atakujibu: "Ni ndege tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Bwana wetu Yesu Kristo alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake wasiwe watumwa wa hofu ya chakula na mavazi, hakuwafungulia vitabu. Aliwaagiza wawatazame ndege wa angani na maua ya mashamba. Sisi Wakristo tumezoea kulisikia neno hilo kanisani kama mfano mzuri, kisha twarudi nyumbani. Ni wachache kati yetu wanaolifuata kama agizo. Mimi na mke wangu tuliamua kulifuata pamoja na watoto wetu wanne, katika ua wa nyumba yetu, au lupango kama tusemavyo huku.

Ua wetu si mkubwa. Una mwembe mmoja, mipapai miwili, bustani ya mahindi na sombe, na mkaratusi mrefu pembeni. Kazi yenyewe ni rahisi, wala haidai fedha. Kila jioni, kabla ya kula bukari, twakaa katika benchi kwa muda wa robo saa pasipo kusema neno. Kisha kila mtoto hueleza jambo moja aliloliona kwa macho yake mwenyewe, na mkubwa wao huliandika katika daftari pamoja na tarehe. Hakuna ruhusa kugusa kiota wala kutupa jiwe. Tena hakuna ruhusa kusema "ni ndege tu." Asiyejua jina la ndege hueleza rangi yake, mdomo wake, mwendo wake na chakula chake, ndipo twamtafutia jina.

Katika kutafuta majina hayo twamshukuru kambo wao, mama yake mke wangu, ambaye ni Msanga. Mimi nilijua majina machache ya Kiswahili, na shuleni watoto wamefundishwa machache ya Kifaransa. Bibi huyu ambaye hakusoma hata darasa moja alijua majina ya Kisanga ya ndege karibu wote wa uani, na zaidi ya jina alijua tabia ya kila mmoja. Wajukuu waliokuwa wakimwona kuwa mtu wa zamani tu, sasa humwendea na daftari kama mwanafunzi amwendeavyo mwalimu.

Mwalimu wetu mwingine alikuwa mnana, ndege yule wa manjano mwenye kichwa cheusi, ambaye hufuma viota vyake kwa wingi katika mti mmoja. Mwaka mmoja katika mwezi wa Novemba, mvua zilipokwisha kuanza, kundi la mnana lilikuja kujenga katika mkaratusi wetu. Na kamba za kufumia wakazipata wapi? Katika mahindi yetu. Mnana huuma ukingo wa jani, huruka, na jani lachanika kwa urefu kama kitambaa mkononi mwa fundi cherehani. Mke wangu alikasirika, na alikuwa na haki. "Mahindi haya ni chakula cha watoto," alisema, "si kamba za ndege." Mwana wetu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka 12, aliposikia hayo alikwenda mbio kuchukua manati yake.

Nilimzuia, lakini sikumnyang'anya manati. Nilimwambia: "Katika nyumba hii, atakaye kuua ndege atamtazama kwanza siku saba, na kutueleza anaishije. Siku ya nane tutazungumza." Basi akakaa chini ya mti, mwenye hasira kidogo, akiwa na daftari.

Siku zile saba zilitufundisha sote. Tuliona kwamba mume ndiye ajengaye. Kwanza hufunga pete ya majani katika kijiti, husimama ndani ya pete hiyo, na kufuma pande zote kwa mdomo hata nyumba ikaviringika. Ikiisha, hujining'iniza chini yake kichwa kikielekea ardhini, akipiga mabawa na kupaza sauti ili mke aje. Mke huja, huingia ndani, huvutavuta nyuzi kama mtu apimaye kazi ya seremala, na mara nyingi huenda zake. Kiota kisichopata mke, majani yake yakikauka na kuwa ya kahawia, mume mwenyewe hukibomoa na kuanza kingine kwa majani mabichi. Binti yetu mdogo alisema: "Baba, huyu amekataliwa mara mbili, wala hakumpiga mtu." Tulicheka, lakini neno lile mimi sikulisahau. Ni waume wangapi, kazi yao ikikosolewa, huwa na subira ya kubomoa na kuanza tena?

Jambo la pili liliwagusa wanawake wa nyumba. Makinda yalipoanguliwa, wazazi waliacha nafaka, wakawa wakileta wadudu: panzi, viwavi, na vinginevyo visivyo na idadi. Mke wangu aliona kwa macho yake mnana akitoa kiwavi katika moyo wa mhindi. Wakulima wajua adha ya viwavi jeshi, wale walioonekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuenea upesi nchi kwa nchi. Sisemi kwamba ndege waliyaokoa mahindi yetu yote, wala sisemi kwamba hatukupata hasara. Mistari miwili iliyo karibu na mti ilichanwa vibaya. Lakini tulikwisha kuona kwamba yule tuliyemwita mwizi alikuwa pia mfanyakazi. Mwaka uliofuata mke wangu alipanda majani marefu ya mabingobingo kando ya bustani, ndege wakapata kamba zao huko, nayo mahindi yakapumzika.

Na manati je? Siku ya nane mwanangu hakuomba kuitumia. Hata hivyo sikumfundisha kwamba kula ndege ni dhambi. Mungu amewapa wanadamu wanyama kuwa chakula, na maskini hana budi kutafuta kitoweo. Baadaye, wakati wa kipwa, alimpiga hua mmoja, tukamla. Lakini kabla ya kumpiga alimfuata jioni mbili apate kujua kama alikuwa akibeba vijiti vya kiota. Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya mtoto auaye kwa kucheza na mtoto ajuaye thamani ya kile anachokichukua.

Tangu hapo macho ya watoto hayakubaki tena ndani ya ua. Mji wetu ni njia panda ya reli: hapa njia itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja yaenda Kamina, nyingine yaenda Kolwezi na Dilolo, na kuendelea Angola mpaka bandari ya Lobito. Watoto wa Tenke wajua habari za safari. Lakini walishangaa kusikia kwamba mbayuwayu wakaao kwenye nyaya wakati wa mvua wamesafiri kuliko garimoshi lolote. Wengi wao huzaliwa Ulaya, nao hukimbia baridi ya huko na kurudi mvua zikiisha. Mwezi wa Mei 1911 mtu mmoja huko Staffordshire, Uingereza, alimvika mbayuwayu pete ndogo mguuni. Mwezi wa Desemba 1912 ndege yule akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Ndivyo watu walivyopata hakika ya safari yake. Na ndege huyo uzito wake ni kama gramu 20 tu!

Yuko pia mlembe, ndege wa msituni ambaye huwaita watu na kuwaongoza mpaka penye mzinga wa nyuki, ili wao wachukue asali naye apate nta. Kambo aliwasimulia watoto habari zake, nao wakadhani ni hadithi. Si hadithi. Mwaka 1588, huko Sofala katika nchi ya Msumbiji, mmisionari Mdominiko jina lake João dos Santos alimwona ndege mdogo akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, naye akaandika jinsi ndege huyo awaongozavyo watu. Na mwaka 2016 wataalamu waliochunguza jambo hili kwa Wayao wa Msumbiji walitangaza kwamba mwindaji wa asali akitoa mlio aliofundishwa na babaye, ndege humwongoza mara nyingi zaidi kuliko akitoa sauti nyingine. Basi, mlio ule ni urithi. Mtoto asiyerithishwa, ndege hatamwelewa.

Mwana wetu wa pili aliuliza kama ndege wote wamekwisha kujulikana. Nilimweleza habari za ziwa la Tshangalele karibu na Likasi, lililofanyika kwa boma la maji la Mwadingusha. Mwaka 1960 mtaalamu Ruwet alimpata huko mnana wa namna ya pekee. Ilipita miaka 22, hata mwaka 1982, ndipo wataalamu wakathibitisha kwamba ni aina mpya, wakampa jina la Ruwet. Ndege huyo hajulikani kuishi mahali pengine duniani ila katika bonde la Lufira. Wavuvi walikuwa wakimwona kila siku, na bila shaka wengi walisema: ni ndege tu.

Hata kuhusu shaba yenyewe, wazee wetu hawakuchimba kama vipofu. Waliijua milima yenye shaba kwa mimea yake, kwa maana juu ya vilima hivyo miti mikubwa haistawi, bali huota majani na maua yanayostahimili udongo ulio sumu kwa mimea mingine. Kuna ua moja dogo la shaba ambalo kwa msaada wake wataalamu wamegundua mahali pa tanuru za kale. Na aina kama 30 za mimea ya vilima vya Katanga haziotoki popote pengine duniani. Kilima kikichimbwa chote, nazo zaondoka. Ndiyo sababu nawaambia watoto: anayetaka kuchimba, na ajue kwanza anachimba nini.

Nilisema kwamba kazi hii haidai fedha. Siku moja ilidai. Miji yetu yote ya migodi hupika kwa makala, na miti imekuwa mali. Mchoma makala alikuja kutaka mkaratusi wetu. Bei yake ilikuwa nzuri, na ada ya mtoto wetu wa sekondari ilikuwa imekaribia. Mtini mlikuwa na viota vingi vyenye makinda. Mke wangu, yule yule aliyeyalilia mahindi yake, alimwambia: "Ngoja wiki tatu, hata makinda yaruke, ndipo tuzungumze." Yule mtu alitaka kukata siku ile ile, akaenda zake. Basi tukauza mbuzi. Watoto waliona yote, nao walijua kwamba mbuzi yule alikuwa wa sikukuu ya Noeli. Hakuna aliyenung'unika. Mahubiri yangu yote juu ya uumbaji hayakuwafundisha kama mbuzi yule.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya watu walioshiba. Mimi naona kinyume. Tajiri akiharibu ua wake, atanunua mwingine. Maskini hana mwingine. Baba Mtakatifu Fransisko katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015 alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Sisi tukaao kati ya migodi twalielewa neno hilo bila mfasiri.

Wazazi wenzangu, msingoje mwalimu wala kitabu chenye picha. Wekeni benchi, nunueni daftari, mwiteni kambo aketi nanyi. Anzeni na ndege mmoja tu, yule mweusi na mweupe mwenye kutikisa mkia, au hua, au kunguru. Nanyi wanafunzi, kabla ya kutwaa manati, mtazameni ndege huyo siku saba na kuandika mliyoyaona. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1979 kuwa msimamizi wa watunzao mazingira, atuombee. Na tukisali sala ya jioni pamoja na watoto wetu, tumshukuru Mungu kwa kiumbe kimoja kwa jina lake, ambacho siku ile tumekiona.