Nafasi Tupu Ilipokuwa na Uzito

Enzi za herufi za risasi, mahali pasipo na neno palipangwa kwa mkono sawa na mahali penye neno. Msomaji aliona weupe kati ya neno na neno. Sisi wapanga herufi tulijua kwamba hapo pana kipande cha risasi, kifupi kidogo kuliko herufi ili kisipatwe na wino, na upana wake umepimwa. Kati ya mstari na mstari tulilaza vibamba vyembamba. Ubeti ukiisha tuliongeza vinene. Pengo kubwa zaidi lilijazwa kwa vibao. Ukurasa wenye maneno machache, basi, haukuwa kazi nyepesi. Ulitaka subira kuliko ukurasa uliojaa, kwa sababu kila kitu kilipaswa kubana ndani ya fremu, pembe hadi pembe. Pengo moja likilegea, herufi zote humwagika sakafuni, na kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Nilijifunza kazi hiyo Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, na mashairi ndiyo yaliyonifanya niipende. Shairi la kimapokeo lenye mizani 16 kwa mstari, nane kabla ya kituo na nane baada yake, lilikuwa raha kulipanga. Ukiwa na jicho na muda, uliweza kuvifanya vina vya kati vikae wima, silabi chini ya silabi, kushuka ubeti wote, na vina vya mwisho vivyo hivyo ukingoni. Kabla hujasoma hata neno moja ulishaona nguzo mbili zimesimama. Magazeti hayakuwa na nafasi ya anasa hiyo. Safu zilikuwa nyembamba, mstari ulikatika nusu, kipande cha pili kikasukumwa chini. Lakini katika vitabu vidogo na vijitabu vya sherehe tulijitahidi, na wazee waliotunga walikuwa wakija kutazama prufu, wakipitisha kidole juu ya vina kutoka juu hadi chini.

Wala hawakuwa wa kwanza kutazama hivyo. Watunzi wa Pate na Lamu, walioandika kwa hati ya Kiarabu, mara nyingi waliuweka ubeti wa utenzi katika mstari mmoja, vipande vinne toka kulia kwenda kushoto, alama ndogo ikitenga kipande na kipande. Kina kinachobeba utenzi mzima kiliangukia ukingo wa kushoto, ubeti baada ya ubeti, ukurasa baada ya ukurasa. Zilipokuja herufi za Kirumi na mashine za kupiga chapa, vile vipande vinne vilishushwa, kimoja chini ya kingine, na utenzi ukavaa umbo jingine kabisa. Badiliko kubwa namna hiyo lilipita kimya kimya. Nikilifikiria leo, nasikitika kwamba hatukuliona kuwa jambo la kujadiliwa.

Kitabu kilichonifungua macho nilikikuta maktabani. Kilikuwa mkusanyo wa mashairi ya umbo, yale yanayosema pia kwa mpangilio wake ukurasani, uliofanywa na Emmett Williams na kutolewa New York mwaka 1967 na Something Else Press. Mashairi yenyewe yalitoka nchi nyingi, kuanzia Brazili hadi Japani. Lugha nyingi zilizokuwamo sikuzijua, na bado niliweza kusimama mbele ya ukurasa na kuelewa kitu, kwa kuwa nilijua kila ukurasa ulivyopangwa. Nilikuwa nikizisoma kazi za mafundi wenzangu.

Eugen Gomringer ndiye aliyenishika zaidi. Alizaliwa Bolivia mwaka 1925, akalelewa Uswisi, na miaka ya 1950 alikuwa katibu wa msanii Max Bill katika chuo cha usanifu cha Ulm, Ujerumani. Shairi lake linalojulikana kuliko yote lina neno moja tu, la kunyamaza. Limerudiwa mara 14 katika mistari mitano, matatu kila mstari, isipokuwa mstari wa kati una maneno mawili na pengo katikati yake. Wahakiki wameandika mengi kuhusu pengo hilo, kwamba ndipo ukimya wenyewe ulipo na maneno yote yaliyolizunguka ni kelele. Mimi nililitazama kwa mikono. Nilijua kwamba mtu mahali fulani alichukua vipande vya risasi visivyo na herufi, akavipima viwe sawa na upana wa neno lile, akavibana pale katikati. Ukimya ule ulikuwa na fundi wake.

Huko São Paulo walikuwepo vijana watatu: Augusto de Campos, kaka yake Haroldo, na rafiki yao Décio Pignatari. Mwaka 1952 waliunda kundi la Noigandres na kutoa jarida la jina hilo. Mwaka 1955 Pignatari alikutana na Gomringer kule Ulm, wakagundua kwamba pande mbili za bahari zilikuwa zinafanya kazi moja bila kujuana. Desemba 1956 mashairi yao yaliangikwa ukutani kwenye jumba la sanaa za kisasa la São Paulo, bega kwa bega na michoro na sanamu, na mwaka 1958 wakachapa tamko lao. Walichodai ni kwamba nafasi ya ukurasa ni sehemu ya shairi, sawa na sauti na maana.

Kazi yao ninayoipenda kuliko zote ni Poetamenos ya Augusto, ya mwaka 1953. Ni mashairi yenye rangi mbalimbali, hadi sita, kila rangi ikiwa sauti yake, kwa mfano wa muziki wa mtunzi Webern ambamo wimbo hupokezanwa na ala moja hadi nyingine. Kuyachapa mashairi yale kulikuwa taabu. Katika uchapaji wa herufi za risasi, kila rangi inataka karatasi ipite mashinani upya, na neno la kijani lazima liangukie hasa pale lilipoachiwa nafasi na neno jekundu. Kabla ya kupata mchapaji, Augusto aliyapiga mashairi hayo kwa taipureta akitumia karatasi za kaboni za rangi, akibadilisha kaboni kila sauti ilipobadilika. Yalitoka jaridani mwaka 1955. Kila nikiwaza kazi ile ya kaboni napata moyo, maana kaboni na taipureta hata sisi tulikuwa navyo. Kila ofisi ya Dar es Salaam ilikuwa na taipureta, na herufi za taipureta zina upana mmoja zote, ndiyo maana mtu anaweza kuchora nazo. Uingereza, mtawa wa Kibenedikto aitwaye Dom Sylvester Houédard alitengeneza kwa mashine yake ya Olivetti maumbo yanayoelea kama majengo yasiyo na msingi. Kwetu mashine hizo zilipiga barua za serikali na stensili za mitihani.

Wengine nawataja kwa haraka, ingawa kila mmoja anastahili makala yake. Hansjörg Mayer wa Stuttgart alitoa kati ya 1965 na 1968 karatasi 26 za kukunjwa, zote kwa aina moja ya herufi, Futura. Ian Hamilton Finlay wa Uskoti alianza na kadi na vijitabu, kisha akaona karatasi haimtoshi. Kuanzia 1966, katika bustani yake kwenye vilima vya Pentland, maneno yake yakachongwa kwenye mawe.

Sisi nasi miaka ya 1970 tulikuwa katika mgogoro mkubwa wa ushairi, na nimeufuata tangu ujana. Amri Abedi alikuwa ametupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akaja na diwani ya Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani. Mwaka 1976 K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi wakatoa diwani ya Malenga wa Bara. Watu waligombana magazetini, vyuoni na vibarazani. Je, kisicho na vina ni shairi? Kinaimbika? Yalikuwa maswali mazuri, na yote yalikuwa ya sikio. Jicho halikualikwa. Upande mmoja ulitetea vina bila kusema kwamba vina vilipangwa vionekane pia. Upande wa pili ulivivunja bila kutwambia weupe uliobaki utumikeje. Ubishi ule uliendeshwa kwa akili na moyo, lakini naona tulipoteza nafasi. Mwenye kutetea zile hati za Pate na mwenye kutetea mstari huru wangeweza kukutana hapo, juu ya karatasi.

Na karatasi yenyewe ilikuwa adimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila ukurasa uliokwenda mashinani ulihesabiwa. Katika kiwanda nilichokuwamo, shairi lililoacha nusu ya ukurasa wazi liliambiwa lisogee, lipishe jingine chini yake. Niliyasogeza kwa mikono yangu mashairi ya watu walioomba nafasi. Simlaumu msimamizi, shule zilikuwa zikingoja vitabu. Lakini kizazi kizima cha watunzi kilijifunza kutoomba weupe.

Aliyeuomba na kuupata alitokea Kenya. Kithaka wa Mberia, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa Mchezo wa Karata mwaka 1997 na Bara Jingine mwaka 2001, chini ya Marimba Publications. Humo maneno hushuka kwa ngazi, hutawanyika, husimama peke yake, na mpangilio wake unasema pamoja na maana. Wanafunzi wengi wa Kenya walimjua kwa tamthilia ya Kifo Kisimani waliyoisomea mtihani. Natamani wangemjua zaidi kwa diwani zake, na wazisome katika kitabu chenyewe.

Nasisitiza kitabu chenyewe kwa sababu ya yaliyotupata sasa. Shairi leo linasafiri upesi kuliko tulivyoota. Likitungwa Tanga asubuhi, mchana linasomwa Muscat na Toronto. Lakini njiani linavuliwa umbo. Ukurasa wa intaneti, kwa kanuni ya lugha inayouunda, huzihesabu nafasi kumi zilizofuatana kuwa nafasi moja, mpaka mtu aiamuru vingine. Kitabu cha kielektroniki humruhusu msomaji akuze herufi apendavyo, na mistari hujipanga upya kila akigusa. Nimepokea kwa WhatsApp mashairi ya mizani 16 yaliyokatika kufuata upana wa simu yangu, kina cha kati kimehama, kituo hakipo. Anayetaka kuliokoa umbo hupiga picha ya ukurasa na kutuma picha. Inasaidia. Ila picha haitafutiki kwa neno, na programu inayomsomea asiyeona haioni herufi humo.

Sidai kwamba mashine mpya haiwezi. Augusto de Campos, aliyezaliwa 1931, alizeeka akitengeneza kwa kompyuta mashairi yanayojongea na kubadili rangi, na rangi zile zilizomtaabisha mwaka 1953 zikawa jambo la kubonyeza. Na kwetu ipo chapa moja ambayo haijapokonywa nafasi yake: kanga. Jina la kanga limekaa ndani ya kisanduku chake, chini ya mji, juu ya pindo, na hakuna kiwanda kinachothubutu kulihamisha. Mvaaji anajua liangukie wapi mwilini na limkabili nani. Mashairi yetu ya kitabuni hayakupata ulinzi wa namna hiyo.

Zile herufi nilizozipanga hazipo. Uchapaji wa ofseti ulipoingia, masanduku ya herufi yalikaa ghalani mpaka yakauzwa kwa kilo, na sehemu yake iliyeyushwa ikawa chubwi za mishipi ya wavuvi. Vipande vya nafasi viliuzwa pamoja na herufi, kwa bei moja.

Karibuni mshairi mmoja kijana aliniomba nimsaidie na diwani yake. Mna shairi la maneno saba, na neno la mwisho linakaa peke yake chini kabisa, pembeni. Mpangaji kurasa, naye kijana hodari, alikuwa akilivuta juu akidhani ni kosa la kuchapa. Tukakaa naye mbele ya kompyuta. Nilimweleza nini kilichokuwa kikiwekwa zamani mahali pale penye weupe, akasikiliza vizuri, akalifungia neno katika kisanduku kisichoonekana ili lisihame tena. Kisha akauliza iwapo kuna picha ya kutia katikati, maana ukurasa utatozwa bei ileile. Mshairi akamwambia auache vivyo hivyo, akahesabu fedha za ukurasa mzima.