Usiishie Kwenye Kung'aa

Kama una gari, leo jioni lisimamishe mbele ya ukuta uwashe taa. Mwanga ukitoka hafifu, usikimbilie kulaumu balbu. Tazama kioo cha taa: kimeingia ukungu?

Kile tunachokiita kioo ni plastiki ngumu, polikaboneti, iliyopakwa utando mwembamba wa kuikinga na jua. Magari mengi hutufikia Kenya yakiwa yameshatumika miaka kadhaa, nasi tunayaegesha juani kutwa. Miale ya jua huula ule utando polepole, plastiki ikageuka manjano.

Mchana huoni hasara. Lakini mimi hurudisha washirika nyumbani baada ya kesha, na ninajua kilicho kando ya barabara saa tisa usiku: mama aliyebeba mtoto mgongoni, boda boda isiyo na taa. Hao ndio wanaohitaji taa yako. Mwaka 2018 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima taa zilizochakaa, kikakuta zinatoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

Kazi yenyewe unaiweza. Osha taa kwa sabuni. Bandika tepu ya karatasi kuizunguka ili usikwaruze rangi ya gari. Chukua msasa wa maji namba 800, usugue huku ukimwagia maji. Fuata na 1500, malizia na 2000. Taa itabaki nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Usivunjike moyo, umanjano ndio umetoka. Ikaushe, ipanguse kwa spiriti, kisha ipulizie vanishi angavu ya magari inayozuia miale ya jua. Puliza kidogo, iache ikauke, urudie. Fanyia penye hewa, pasipo vumbi.

Wengi husugua kwa dawa ya meno, taa ikang'aa, wakashangilia. Haupiti muda ukungu unarudi, kwa sababu kilichosafishwa hakikufunikwa. Mpendwa, usiishie kwenye kung'aa. Funika ulichosafisha.

Kama unyevu uko ndani ya taa, au ina nyufa, msasa hautasaidia, mwone fundi. Vinginevyo, tenga Jumamosi moja asubuhi. Yuko mtu usiyemjua atakayevuka barabara gizani mbele yako. Mwone mapema.